Udongo Ulioshika Ugonjwa Hauponi kwa Dawa ya Chupa

Wakulima wenzangu wa Thika na Ruiru, nataka kusema nanyi habari ya brokoli na ndugu zake. Mkulima akiona brokoli yake inanyauka mchana, jambo la kwanza analofanya ni kutazama majani. Jambo la pili ni kwenda dukani kununua dawa ya kunyunyiza. Anapiga dawa, anangoja juma moja, anapiga tena. Brokoli inakufa vilevile. Basi husema, "Dawa hii ni ya uongo," akanunua nyingine yenye bei kubwa zaidi. Hapo fedha zake zimepotea mara tatu: fedha za miche, fedha za dawa, na fedha za vichwa ambavyo havitafika sokoni.

Mara nyingi dawa ile si ya uongo. Imepelekwa mahali pasipo ugonjwa. Yako magonjwa ya mimea ambayo hukaa udongoni, nayo huingilia mzizi au shina pale linapogusana na ardhi. Jani hunyauka mwisho, kama vile moshi huonekana juu ya paa wakati moto uko jikoni. Maoni yangu ni kwamba magonjwa haya hayashindwi kwa chupa. Hushindwa kwa mambo mawili: kuchunga kila kitu kinachoingia shambani, na kutorudisha mimea ya jamii moja mahali pale pale msimu baada ya msimu. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, lakini yanahitaji moyo wa subira, na ndiyo maana wengi wetu huyakwepa.

Ng'oa mmea, tazama mzizi

Sisi tunaofanya kazi katika afisi za kilimo huletewa majani mengi sana. Mkulima hufika na jani moja lililokauka, limefungwa katika gazeti, akauliza, "Ni dawa gani?" Wachache huleta mmea mzima pamoja na mizizi yake na udongo kidogo. Jani peke yake halitoshi. Ukitaka kujua ugonjwa wa udongo, chimba mmea kwa jembe bila kuukata, ukung'ute polepole, uutazame kuanzia chini. Ishara ni hizi.

Ugonjwa wa kwanza ni kinyausi, nao hupiga miche kitaluni. Mche ulioota vizuri huanguka ghafula, na pale usawa wa udongo shina limekuwa laini na jembamba kama limefungwa uzi. Huletwa na vimelea viitwavyo Pithiamu na Rizoktonia. Hivi hupenda kitalu kilichojaa maji, chenye miche iliyosongamana isiyopata hewa. Mche mkubwa kidogo huenda usianguke, bali shina lake huwa gumu na jembamba kama waya. Mche wa namna hiyo usiupande, hata ukiwa na majani mazuri.

Wa pili ni mnyauko wa njano, unaoletwa na kuvu iitwayo Fuzari. Majani ya chini hugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja tu, na mmea hupinda kuelekea upande ule. Ukipasua shina utaona mistari ya kahawia ndani yake. Ugonjwa huu hupenda udongo wenye joto, kwa hiyo mkulima wa Thika amwogope adui huyu kuliko mkulima wa Limuru kwenye baridi. Lakini usiuchanganye na uozo mweusi, ambao huletwa na bakteria. Uozo mweusi huanzia ukingoni mwa jani kwa alama ya manjano kama herufi V, na mishipa ya jani huwa myeusi.

Wa tatu ni uvimbe wa mizizi. Mmea hulegea wakati wa jua kali, jioni ukasimama tena, na mkulima hudhani ni kiu akaongeza maji. Ukiung'oa utaona mizizi imevimba kama tangawizi. Ugonjwa huu hupenda udongo mchachu na wenye unyevu mwingi. Wataalamu wa siku hizi wanasema kimelea chake si kuvu halisi, lakini kwa mkulima hesabu ni ile ile, kwa sababu mbegu zake huweza kungoja udongoni zaidi ya miaka 10 bila kufa zote.

Wa nne ni uozo mweupe. Chini ya shina, au kwenye kichwa chenyewe, hutokea utando mweupe kama pamba, na ndani yake punje nyeusi kama mavi ya panya. Punje hizo ndizo akiba ya ugonjwa. Zikianguka ardhini hukaa miaka kadhaa zikingoja mvua na mmea mwingine.

Jihadhari pia usiite kila uvimbe ugonjwa huo wa tatu. Minyoo fundo hufanya vinundu vidogo vilivyopangana mzizini kama shanga. Na maharagwe yana vinundu vyake ambavyo ni vyema, maana hutia chakula cha naitrojeni katika mmea. Hivyo hukwanyuka kwa urahisi kwa ukucha, na ndani huwa na rangi nyekundu hafifu. Mtu asije akang'oa maharagwe yake mazuri kwa hofu.

Kwa nini chupa haitoshi

Fikirini kidogo. Udongo wa ekari moja, kwa kina cha jembe tu, una uzito wa mamia ya tani. Dawa unayoimwaga kwa bomba la mgongoni itafika wapi? Italowesha juu tu, na vimelea viko chini, vingine vimejificha ndani ya vipande vya mizizi iliyooza.

Wenye mashamba makubwa ya maua walikuwa na njia yao zamani. Walifunika udongo kwa karatasi ya plastiki wakaingiza gesi iitwayo methili bromaidi, ambayo iliua karibu kila kitu, kibaya na chema. Gesi ile iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mataifa yaliyokwisha kutia sahihi Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 yakaafikiana kuiondoa, na nchi zinazoendelea kama Kenya zilipewa hadi mwaka 2015 kuiacha, isipokuwa kwa kazi chache kama za karantini. Ikiwa tajiri mwenye gesi alilazimika kutafuta njia nyingine, sisi wenye bomba la lita 20 tusijidanganye.

Sisemi kwamba dawa zote hazina kazi. Mbegu zilizotiwa dawa husaidia dhidi ya kinyausi, na siku hizi huuzwa kuvu rafiki iitwayo Trikoderma ambayo hupigana na kuvu adui kitaluni. Lakini hivi ni vya kukinga, havifufui mmea uliokwisha kuoza mzizi. Anayekuuzia chupa na kuapa kwamba itaponya brokoli iliyolala, mwulize itapitia wapi.

Jamii moja, majina mengi

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Mkulima huniambia, "Mimi hubadilisha mimea. Msimu uliopita nilipanda kabichi, kisha sukuma wiki, sasa brokoli." Ndugu yangu, hujabadilisha chochote. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli kwa wataalamu ni mmea wa aina moja. Mmoja twala jani lake, mwingine twala ua lake kabla halijafunguka. Kabichi ya Kichina, figili na tanipu ni binamu zao wa karibu. Kwa kimelea cha uvimbe wa mizizi, hiyo yote ni meza moja iliyoandaliwa mwaka mzima. Hata magugu ya jamii ya haradali humlisha wakati shamba limepumzika, kwa hiyo kupumzisha shamba bila kupalilia si kupumzisha.

Najua kwa nini tunafanya hivyo. Jina lenyewe la sukuma wiki latueleza: mboga hii hutuvusha juma. Brokoli nayo ina wanunuzi wa mahoteli na masoko ya Nairobi, na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 imeleta soko karibu zaidi. Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa hapendi kuambiwa apande mahindi mahali ambapo brokoli ingempa fedha. Tena mashamba yetu ni madogo. Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962 uliwapa wazee wetu ardhi, lakini ardhi ile haijazaa ardhi nyingine, na watoto wamegawana. Huku Ruiru, mashamba mengi ya kahawa yamekuwa majumba.

Lakini udogo wa shamba ndio sababu ya kulilinda zaidi. Mwenye ekari 500 akiharibu ekari 1 atahamia nyingine. Wewe mwenye ekari 1 utahamia wapi?

Basi fanya hesabu hii. Gawa shamba lako mafungu manne, hata kama kila fungu ni dogo. Jamii ya kabichi yote ikae fungu la kwanza mwaka mzima, mvua ndefu na mvua fupi. Mwaka wa pili ihamie fungu la pili, na la kwanza lisiione tena mpaka miaka mitatu ipite. Kwa njia hii huachi brokoli hata mwaka mmoja. Kila mwaka unayo robo yake, na mafungu mengine matatu yanakupa mahindi, vitunguu, maharagwe, viazi au karoti. Nyumba ina chakula, na bei ya brokoli ikianguka hukuanguka nayo.

Mahali palipoonekana uozo mweupe usifuatishe maharagwe, karoti wala saladi, kwa maana kuvu ile huila mimea hiyo pia. Hapo chagua mahindi au vitunguu. Na mahali palipoonekana uvimbe wa mizizi miaka mitatu haitoshi. Paondoe katika mzunguko wa jamii ya kabichi kwa miaka saba au zaidi, upande vitu vingine. Hilo ni neno gumu, lakini ni la kweli.

Chunga mlango wa shamba

Ugonjwa wa udongo hauna miguu. Sisi ndio miguu yake. Njia yake kubwa ni mche. Mtu hununua miche 1,000 kando ya barabara kwa sababu ni rahisi, na katika kila bonge la udongo lililoshika mizizi huenda akawa amenunua ugonjwa wa miaka 10. Kabla hujalipa, ng'oa miche mitano mahali mbalimbali kitaluni utazame mizizi. Mwuzaji akikataa, nenda zako. Miche iliyooteshwa katika trei, kwa mchanganyiko safi usio udongo wa shamba, ina hatari ndogo zaidi.

Afadhali zaidi uoteshe yako. Tengeneza tuta lililoinuka, mahali ambapo jamii ya kabichi haijapandwa. Lilowanishe, kisha lifunike kwa plastiki nyeupe ipitishayo mwanga, si nyeusi, na ufukie kingo zake kwa udongo. Liache juani kwa majuma manne hadi sita wakati wa kiangazi. Januari na Februari hapa Thika jua ni kali la kutosha. Joto litapunguza sana vimelea vya tabaka la juu. Kisha panda mbegu kwa mistari, usizisonge, mwagilia asubuhi ili udongo ukauke juu kabla ya usiku.

Njia nyingine ni matope. Trekta la kukodi, jembe la kuazima na viatu vya vibarua hubeba udongo kutoka shamba hadi shamba. Kung'uta na kuosha jembe ni kazi ya dakika tano. Ukiwa na fungu lenye ugonjwa, lilime mwisho.

Njia ya tatu ni samadi. Wengi hulisha ng'ombe mabaki ya kabichi na brokoli, na hilo si baya ikiwa ni majani safi. Lakini mizizi yenye uvimbe usimpe ng'ombe, kwa kuwa mbegu za ugonjwa hupita tumboni bila kufa na kurudi shambani na samadi. Wala usiitupe katika lundo la mboji lisilopata joto, wala mtoni. Wanaonywesha mashamba kwa maji ya mto wako chini yako. Ing'oe kabla haijaoza, ikaushe, uichome.

Njia ya nne ni ardhi ya kukodi. Watu huuliza bei na maji, wasiulize kilichopandwa pale mwaka juzi. Uliza. Na kabla hujatoa fedha, chimba mabaki ya mizizi utazame.

Chokaa na mbegu shupavu

Udongo wetu mwekundu ni mzuri, lakini sehemu nyingi una uchachu, na mbolea ya DAP ikitiwa mwaka baada ya mwaka huuongeza. Uvimbe wa mizizi hupenda uchachu huo. Chokaa ya shamba, ikichanganywa vizuri na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda, huuzuia, hasa kipimo cha udongo kikifika kama 7.2. Lakini usitie chokaa kwa kukisia. Pima udongo kwanza, kwa maana chokaa ikizidi huzuia vyakula vingine vya mmea, na viazi vitakavyofuata huweza kupata ukurutu wa ngozi. Chokaa pia haiui ugonjwa, huulaza tu. Kwa mnyauko wa njano chokaa si tiba, wala mzunguko peke yake hautoshi, kwa kuwa Fuzari hukaa udongoni miaka mingi. Huko msaada mkubwa ni mbegu.

Jambo hili lina historia njema. Huko Wisconsin, Marekani, mnyauko wa njano ulikuwa karibu kuwafilisi wakulima wa kabichi. Mwaka 1910 mtaalamu L. R. Jones alikwenda katika shamba lililokuwa gonjwa kabisa, akatafuta vichwa vichache vilivyosimama wakati vingine vyote vimekufa. Akachukua mbegu zake, akazipanda tena katika udongo ule ule mgonjwa, na kutoka humo ikapatikana kabichi isiyoshindwa na mnyauko. Sisi hapa tuna mfano wetu. Kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha hapa Ruiru, ilizalishwa ili istahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Magonjwa yale si ya udongo, lakini fundisho ni moja: mmea shupavu humpunguzia mkulima chupa nyingi. Basi unaponunua mbegu za brokoli soma pakiti, uulize kama aina hiyo hustahimili Fuzari au uvimbe wa mizizi. Kustahimili ugonjwa mmoja si kustahimili yote, na hata mbegu shupavu huhitaji mzunguko.

Tusifichane

Neno langu la mwisho ni la ujirani. Mkulima akipata ugonjwa wa ng'ombe husema, kwa sababu anajua dipu ni letu sote. Akipata ugonjwa wa udongo hunyamaza. Anaogopa mnunuzi atamkimbia, au ardhi yake haitakodiwa, au miche yake haitauzwa. Nafahamu hofu hiyo. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye kuuza miche kutoka kitalu anachojua kina ugonjwa hauzi mboga tena, anauza hasara, na mvua kubwa ya kwanza itateremsha udongo kutoka kwa jirani aliyemwuzia hadi kwa jirani asiyehusika.

Kwa hiyo natoa shauri hili. Kila kikundi cha wakulima na kila chama cha ushirika kiwe na daftari moja. Ndani yake kila mtu aandike fungu gani lilionekana na ugonjwa gani, mwaka gani, na miche ilitoka wapi. Isiwe daftari la kuaibisha watu. Anayeandika jina lake kwanza asaidiwe kwanza: apewe miche safi, apimiwe udongo, akodishiwe kipande cha kupanda jamii ya kabichi wakati fungu lake linapumzika. Nasi wa afisi za kilimo yatupasa kufika shambani na kutazama mizizi, si kungoja jani mezani. Mkulima akiona kwamba kusema kunampatia msaada, atasema. Akiona kunampatia aibu tu, ataficha, na hapo hakuna mtaalamu wa Thika wala wa Ruiru atakayetuokoa.

Kabla ya mvua ijayo, fanya mambo matatu. Chora ramani ya shamba lako katika karatasi, ugawe mafungu manne. Ng'oa mimea kumi ya jamii ya kabichi iliyo shambani sasa, hata ile inayoonekana mizima, utazame mizizi yake. Kisha nenda kwa jirani wa juu na jirani wa chini, uwaambie ulichokiona, uwaulize walichokiona wao.